Tone la Ijumaa

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi wanafunzi mliowahi viti vya mbele ambavyo kwa kawaida hukaliwa na familia, tunawashukuru kwa kufika, na tunaomba utulivu wakati historia ya dada yetu ikisomwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa nyumba hii, fundi redio, ambaye katika karatasi hizi hatajiita "mimi" bali "mdogo wake", kwa sababu historia ya marehemu ni ya marehemu, na pia kwa sababu yamo humu mambo ambayo ni rahisi kuyatamka yakiwa ya mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Machi 1961, katika hospitali ya wazazi iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu, karani wa posta, na mama yetu, mshonaji. Mama alifariki tarehe 19 Novemba 1974, marehemu akiwa na miaka kumi na mitatu na mdogo wake miaka sita, na kwa kuwa baba alikuwa akitoka alfajiri na wakubwa walikwisha kutawanyika na wa nne alichukuliwa na bibi, huyu wa tatu ndiye aliyemchukua yule wa tano akawa wake, akamwogesha, akampeleka shule kwa kumshika kifundo cha mkono badala ya vidole ili asichomoke, na jioni akamketisha kwenye sakafu ya jikoni na kumfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Kwa hiyo mdogo wake anatamka hapa, mbele ya madaktari na maprofesa, kwamba mwanafunzi wa kwanza wa marehemu ni yeye, hata kama jina lake halimo kwenye orodha ya chuo.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, akamaliza kidato cha sita mwaka 1980, na mwaka uliofuata akajiunga na chuo kikuu kusomea biokemia, akimwacha mdogo wake nyumbani na baba na kabati la vyombo. Barua zilikuja kila mwezi, nzuri na ndefu, lakini mdogo wake alikuwa na tabia ya kuhesabu ni mara ngapi limeandikwa neno "wenzangu" na ni mara ngapi limeandikwa jina lake, na wenzangu walikuwa wakishinda kila mwezi. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1984, ya uzamili mwaka 1988, na ya uzamivu mwaka 1995, naye mdogo wake katika miaka hiyo alihitimu kutengeneza redio, kaseti na pasi, bila sherehe.

Kompyuta aliianza mwaka 1989, wakati idara nzima ilikuwa na moja tu, iliyofunikwa kitambaa cha mezani kilichotariziwa, na watu wakijiandikisha kwenye daftari kuitumia kwa saa moja moja, na marehemu akajiandikisha saa ya chakula cha mchana kwa sababu ndiyo saa pekee isiyogombaniwa, akajifundisha kuandika programu kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada, na kwa mwaka mzima akala mkate mkavu akiwa amesimama kwenye korido. Usione vyaelea, vimeundwa.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1986, na anayetaka kujua hali ya mdogo wake siku hiyo akaangalie picha iliyoko sebuleni, ambamo watu kumi na wanane wanacheka na mmoja, wa mwisho kulia, amenuna kama aliyepewa kiatu kisicho chake. Shemeji, lile limekwisha, umemtunza dada yetu miaka thelathini na saba na hakuna aliyekushinda. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1988, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea, na mwana aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1992, ambaye ni fundi umeme, maana yake alifuata mkono wa mjomba, jambo ambalo mdogo wa marehemu analihesabu kuwa ushindi na hataki kubishana nalo.

Mwaka 1999 marehemu alipewa chumba chake cha utafiti, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, na humo alikaa miaka ishirini na mitano na kupitisha wanafunzi arobaini na mmoja. Kazi yao, kwa sisi tusioijua, mdogo wake anaieleza kama alivyoelezwa, kwamba protini ni mnyororo mrefu uliojikunja, na zipo protini zinazoitambua sukari na kuikamata kama mlinzi anavyomjua mpangaji wa jengo lake, basi wao waliuandika mnyororo huo ndani ya kompyuta, wakaiamuru programu ibadilishe pingili moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka ipatikane protini isiyoharibiwa na joto, kisha wakaitengeneza kweli na kuibandika kwenye kijiti chembamba, na kijiti hicho kikiguswa na tone la damu kinatoa umeme kidogo sana, ambao wingi wake ndio unaosema sukari ni kiasi gani. Kitu hicho walikiita kitambuzi, na nia ilikuwa mgonjwa wa kisukari aishiye mbali na umeme apate kijiti kisichohitaji friji.

Namna yake ya kufundisha wote mnaijua, na mdogo wake aliiona kwa macho yake kupitia mlango ambao haukuwahi kufungwa vizuri. Marehemu hakugusa kibodi ya mwanafunzi, hata akiliona kosa limekaa palepale kama nzi kwenye maziwa, alikuwa anakalia viganja vyake ili visimponyoke, halafu anasema, "Nisomee kwa sauti, mstari kwa mstari," na mwanafunzi anasoma, na kabla ya kufika mwisho anajisikia mwenyewe akikosea, ananyamaza, anafuta. Kila mgeni wa chumba kile, wiki yake ya kwanza, alipewa ile programu kuu ya maabara aisome yote kwa sauti mbele ya wenzake, pamoja na ile mistari ambayo mashine huiruka, iliyoandikwa kwa ajili ya binadamu tu, kwani marehemu alikuwa akisema mashine haihitaji kuelezwa, binadamu ndiye anayesahau.

Sasa, kila kitambuzi kipya lazima kilinganishwe na damu ya mtu ambaye sukari yake haichezi, na Ijumaa ya tarehe 7 Mei 2004 marehemu alimwita mdogo wake aje chuoni saa mbili asubuhi kabla hajala kitu, akamchoma kidole cha pete, akampima, akampima tena wiki iliyofuata na zilizofuata, na ikaonekana mtu huyu ambaye hakuna alichowahi kushinda darasani ana sukari iliyotulia kuliko mtu yeyote katika jengo lile, nne nukta nane, Ijumaa kwa Ijumaa. Dawa za ile mashine kubwa ya kupimia sukari iliyokuwa idarani zilikuwa adimu, kwa hiyo wakamwamini, wakamhakiki hospitali mara moja kila miezi mitatu, na katika wiki zilizobaki programu yao iliichukua nne nukta nane ya fundi redio kuwa ndiyo kweli, na kila kijiti kikapimwa kwa damu yake. Kwa miaka ishirini alipanda ngazi zile na njaa yake, akatoa tone, akapewa pamba, akashuka.

Waliosema damu ni nzito kuliko maji hawakuwahi kuitoa kila Ijumaa kwa ajili ya watoto wa watu. Mdogo wake anakiri kuwa alikuwa na wivu, wivu wenyewe, ule unaokaa kifuani kama tonge lisiloshuka, kwa sababu dada yake, aliyemfunga kamba za viatu, sasa alikuwa anafahamu nani katika wanafunzi wake ana mzio wa karanga na nani hajalipiwa pango, lakini hakujua kuwa mdogo wake amebadilisha miwani. Walimwita "Mama". Hakuwazaa, hakuwalea, walimkuta ameshaiva, nao wakamwita Mama, na fundi redio wakamwita "Mjomba" bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, na yeye alikuwa akiitika huku kijiba cha roho kinamsokota.

Wa kwanza katika wivu huo alikuwa mwanafunzi waliyemwita Dirisha, kwa kuwa alikaa dirishani miaka yote, mahali pekee mtandao ulipofika, binti mwembamba mwenye sauti ndogo, ambaye marehemu alimsifu mezani nyumbani kwake mpaka shemeji akawa anatikisa kichwa, kwamba Dirisha amebadilisha pingili fulani, kwamba Dirisha anaisoma programu kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani. Mdogo wake aliwahi kusema, akijifanya anatania, "Mimi pia nilikuwa najua kuhesabu vifuniko," na dada yake akacheka, akamwongezea chai, akaendelea na Dirisha.

Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 2011, saa kumi jioni, mdogo wake alifungua duka lake mwenyewe la ufundi, chumba kimoja chenye kaunta ya bati na rafu alizozipaka rangi kwa mkono wake, baada ya miaka kumi na tisa ya kukaa kwenye kibaraza cha duka la watu, na marehemu alikuwa ameahidi kukata utepe. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, wageni wakaanza kuangalia saa na kuaga kwa heshima, na saa kumi na mbili utepe ukakatwa na mtoto wa jirani kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mkasi. Marehemu alifika saa moja, ameongozana na Dirisha, wote wawili wanazungumza kwa mkupuo, kwamba kijiti kimekaa kwenye joto siku kumi na hakikuharibika, ndiyo mara ya kwanza, na marehemu akamkumbatia mdogo wake na kumwambia, "Leo ni siku kubwa," na mdogo wake akaelewa kuwa hakuwa anazungumzia duka. Alicheka kwa meno.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 14 Oktoba 2011, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mdogo wake alisimama kwenye kibanda kilicho mkabala na lango la chuo, akanywa soda mbili, moja baada ya nyingine, bila kiu. Akajifuta mdomo, akasubiri dakika thelathini akiangalia magari, akapanda ngazi, akanyoosha kidole cha pete, na Dirisha mwenyewe ndiye aliyemchoma, kwa adabu, akisema, "Pole, Mjomba." Hakuna aliyemlazimisha, na shetani asisingiziwe.

Kijiti cha Dirisha kikasema kweli, kikasema sukari iko juu, lakini kwa kuwa programu ilikuwa inamwamini fundi redio kuliko kijiti, ikaamua kijiti ndicho kilichokosea, na Dirisha akairudisha protini yake nyuma, akabadilisha pingili zilizokuwa sawa, akatengeneza upya, kwa wiki tatu, huku siku ya kutetea kazi yake mbele ya jopo ikikaribia, na Ijumaa moja mdogo wa marehemu alimkuta amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, amefunika uso kwa daftari, akampita. Aliposhuka akampita tena.

Tarehe 9 Novemba 2011 Dirisha alisimama mbele ya jopo na kazi iliyochelewa, na marehemu akainuka akasema kosa si la mwanafunzi, kosa ni la msimamizi, aliyeamini kipimo bila kukihakiki, na kwa neno hilo Dirisha akaongezewa miezi mitatu na akafaulu, naye marehemu akapewa barua ya onyo na mkuu wa idara, barua pekee ya aina hiyo katika miaka yake yote ya kazi, ambayo tumeikuta wiki hii ndani ya droo, imekunjwa mara nne. Mdogo wake alisikia habari za barua ile wakati huohuo, kwa watu, akanyamaza, na akaendelea kunyamaza kwa miaka kumi na miwili na zaidi, kwa sababu kila Ijumaa iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi ya Ijumaa iliyotangulia.

Lakini kitu kimoja kilibadilika. Kuanzia Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2011 marehemu alianza kumpigia mdogo wake simu, kila Jumapili saa tisa mchana, awe nyumbani, awe safarini, awe na homa, na kila mara alianza na swali lilelile, "Umekula nini?" na mdogo wake akimtajia alichokula kuanzia asubuhi, akilalamika kuwa ana umri wa babu na bado anachunguzwa tumbo, halafu mazungumzo yanakwenda popote, kwenye duka, magoti, watoto, marehemu mama. Mdogo wake aliamini dada yake ameanza kuzeeka na anajisikia mpweke, naye kwa ukarimu wake akawa anampokelea.

Marehemu alianza kuumwa mwezi Februari 2023, kwanza mgongo, kisha akakosa hamu ya chakula, na tarehe 18 Aprili madaktari walituambia ni saratani ya kongosho, kiungo kilekile kinachoisimamia sukari ya mwili, na marehemu alipoambiwa alisema basi hata mwajiri wake amemgeuka. Alitibiwa hospitali kuu, wodi namba sita, akatoka, akarudi, akafundisha kwa kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya kulia chakula kitandani, wanafunzi wakimsomea kwa sauti na yeye amekalia viganja vyake, na Jumapili ya tarehe 9 Juni 2024, saa tisa mchana, alimpigia mdogo wake ambaye alikuwa koridoni, hatua ishirini kutoka kitandani kwake, akamuuliza kwa sauti iliyobaki kidogo, "Umekula nini?" Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, shemeji na watoto wakiwa wamemshika.

Sasa familia ilipokaa kupanga, wakubwa walipendekeza historia hii isomwe na Dirisha, ambaye leo ni mhadhiri katika chumba kilekile, kwa kuwa anaijua kazi ya marehemu, na mdogo wake alikataa kwa sauti ambayo majirani waliisikia, akasema damu yake imetumika vya kutosha, historia ya dada yake haitasomwa na mtu wa dirishani. Wakamwachia. Alhamisi Dirisha alikuja nyumbani na kompyuta chini ya kwapa, bila kinyongo, akasema ameleta orodha ya kazi za Mama ili Mjomba asihangaike, na pia kuna kitu ambacho angependa akisome mwenyewe kabla hajasimama mbele ya watu. Akaifungua ile programu kuu, akashuka mpaka katikati, akamgeuzia kioo, na mdogo wake akavaa miwani.

Ilikuwa ni ile mistari ambayo mashine huiruka. Inasema hivi: "Ijumaa 14 Oktoba 2011. Kipimo cha siku hii kisitumike. Tone lililobaki kwenye friji nimelipima hospitali wiki tatu baadaye, ni nane nukta moja. Mdogo wangu alikula au alikunywa kitu kabla ya kuja, na sababu naijua, nilichelewa dukani kwake. Kosa ni langu. Nimpigie kila Jumapili. Utakayesoma hapa, usimwambie kitu, na umheshimu, maana sisi sote tunaanzia kwake."

Mdogo wake aliuliza, "Umelijua hili tangu lini?" na Dirisha akasema, "Tangu Novemba ileile, Mjomba. Na walionifuata wanalijua pia. Kila mgeni huisoma programu yote kwa sauti, wiki ya kwanza." Yaani wanafunzi ishirini na sita, mmoja baada ya mwingine, walisimama katika kile chumba wakasoma kwa sauti dhambi ya fundi redio, na Ijumaa ya wiki hiyohiyo wakamkuta mlangoni amekunja mkono wa shati, wakamwambia, "Karibu, Mjomba, hujala, sivyo?" na akawajibu, "Sijala," na wakamwamini. Mdogo wake alimwomba Dirisha msamaha palepale sebuleni, chini ya ile picha, na Dirisha akasema alishasamehe siku ileile alipoisoma mistari hiyo, ila kule kwenye ngazi hakupenda kupitwa mara mbili.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka na dada, na wanafunzi arobaini na mmoja, pamoja na mmoja wa vifuniko. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa muuguzi aliyeruhusu kompyuta wodini na akajifanya haioni, majirani waliopika, waliofagia na waliolala nasi, na uongozi wa chuo na wafanyakazi wenzake waliofika wote, akiwamo mkuu wa idara mstaafu, ambaye barua yake tunairudisha leo kwa heshima, kwa kuwa haikuwa ya marehemu, na mwenyewe amesimama hapa. Ninyi wanafunzi, kaeni hapohapo mbele, msihame.

Pumzika kwa amani, dada. Chumba kitafunguliwa Ijumaa saa mbili kama kawaida, nami nitakuja sijala.